Mti Uliokubali Mke Mmoja

Walipoivuta kanga iliyoufunika mti wa ukoo, watu walipiga makofi, na mimi nikapiga. Nilianza kupiga kabla sijasoma. Ulikuwa mti mzuri wa kuchorwa, siwezi kusema uongo: shina la kahawia, majani ya kijani, ndege wawili wa bluu juu kabisa, na kioo mbele yake kinachong'aa kwa jua la asubuhi. Kaka yangu wa nyumba kubwa alikuwa ameuegemeza kwenye ukuta wa nyumba ya baba, hatua chache kutoka kwenye kaburi tulilokuwa tumelijengea saruji. Mchungaji alikuwepo, wageni kutoka Mwanza walikuwepo, na wali ulikuwa unaiva.

Mimi nasoma polepole. Niliishia darasa la nne. Nilianza chini kwenye shina, nikaliona jina la baba. Pembeni yake jina la mama mkubwa, mke wake wa kwanza. Basi. Nikapanda juu kwa macho, tawi kwa tawi, nikimtafuta mama yangu, nikajikuta mimi. Jina langu liko kwenye tawi la mama mkubwa, limebanwa katikati ya watoto wake, kana kwamba nililala tumboni mwake na kunyonya ziwa lake.

Mama yangu hayumo. Nikarudia kusoma nikidhani ni uzembe wangu wa shule. Hayumo.

Mama mkubwa mwenyewe alikuwa amekaa kwenye kiti cha mto, mbele, anapepewa. Aliniona nimesimama na mdomo wazi. Akatabasamu kwa fizi zake, akasema kwa sauti ya watu wote kusikia, "Karibu, mwanangu."

Huyo ndiye aliyemfukuza mama yangu.

Niseme kwanza ya huko nyuma, msije mkadhani naleta ugomvi kwa sababu ya picha.

Mji wa baba ulikuwa Sapiwi, na alikuwa na wake watatu. Kwetu mji wa wake wengi una utaratibu. Kila mke ana nyumba yake, mafiga yake, ghala lake, na ng'ombe wake wa kukamua. Baba ni mmoja, lakini mtoto hujulikana kwa nyumba. Mzee ukimwamkia "Mwangaluka," kabla hajaitikia vizuri atakuuliza wewe ni wa nyumba ya nani, na usipojua kujibu atakuona kama mtu aliyeokotwa njiani. Mimi ni wa nyumba ya tatu. Mama yangu ndiye aliyekuwa mke mdogo, na pamba yake ilikuwa safi kuliko ya wote. Watu walipita kwenye uwanja wake wakati wa kuchambua wakashika nyuzi kwa vidole, wakatikisa kichwa.

Alizaa wanne. Surua ikapita, ikawachukua watatu, nikabaki mimi, na madoa yake ninayo hadi leo shingoni. Halafu mtoto wa nyumba kubwa naye akafa. Mama mkubwa akaenda kwa mganga, akarudi na jibu alilokwenda nalo. Akasimama uwanjani akasema tazameni macho yale, ni ya mchawi. Ni kweli macho ya mama yalikuwa mekundu. Miti hakuna, tulipikia mavi ya ng'ombe, na moshi wake mnaujua. Hata macho ya mama mkubwa yalikuwa mekundu, ila hakuna aliyethubutu kumtazama yeye.

Vijana wa kijiji wakaja na mapanga, mchana kweupe. Mama akaambiwa aondoke. Baba alikuwa amekaa kwenye kigoda anachora chini kwa fimbo. Hakuinua kichwa. Namtaja na yeye, ingawa amekufa na kaburi lake nimechangia kulijenga. Hakuinua kichwa.

Tukaenda kwa miguu hadi Mkula, kwa mjomba, mama amebeba chungu na mimi nimebeba jembe. Wanawake wengi wa aina yake hawakufika popote. Sisi tulifika. Mama alilima majaruba ya mpunga ya watu mpaka akapata yake. Hakuolewa tena. Kila jioni alinisimulia nyumba yetu ya Sapiwi ilivyokaa, mlango ulielekea wapi, ng'ombe wake mwekundu aliitwaje, wakubwa zangu walipenda nini. Alinifanya niikariri kama wengine wanavyokaririshwa katekisimu. "Wewe ni wa nyumba ya tatu," alisema. "Wakikuuliza, usikohoe." Akafa akiwa kwake, kwenye jaruba lake, jirani na mashine ya kukoboa mpunga niliyoinunua mimi.

Mashine hiyo niliinunua kwa pamba, biashara ilipofunguliwa. Kabla ya hapo ulipeleka pamba kwenye chama cha ushirika ukasubiri mpaka ukasahau unasubiri nini. Ghafla wakaja wanunuzi binafsi na mizani zao, kila mti na mnunuzi wake, wengine waongo, wengine waongo zaidi. Nilijifunza kusimama karibu na mizani na kutobanduka. Wenzangu waliona aibu mwanamke kubishana na karani mbele za watu. Mimi aibu yangu niliimaliza utotoni.

Kaka wa nyumba kubwa naye alinufaika. Akawa wakala wa mnunuzi mmoja, akapata gari dogo la mizigo, akahamia Mwanza, akaanza kuvaa soksi. Bariadi ilikuwa bado mkoa wa Shinyanga wakati huo, lakini mambo yalikuwa yanaingia kwa kasi: redio za watu binafsi, simu za kuinua mkono kutafuta mtandao, na karibu na stendi steshenari yenye kompyuta na jenereta ya kuiendesha. Mwenye steshenari alikuwa mama wa makamo aliyekuwa karani wa ofisi kabla hawajapunguzwa kazi. Alichapa kadi za harusi, katiba za vikundi, barua za madai. Watu wote walimwita Dada.

Baba alipotimiza miaka kadhaa kaburini, kaka akaleta neno kwamba tujenge kaburi, na siku ya kulifungua tuwe na mti wa ukoo, umechorwa kwa kompyuta, tuutundike. Alikuwa ameona kwa bosi wake. Kila nyumba ilete mtu mmoja steshenari kusema watu wake.

Neno hilo lilinifikia Mkula nikiwa nimejaa pumba hadi kwenye kope. Nilikaa chini. Kila nyumba ilete mtu. Maana yake nyumba ya tatu inahesabika. Nilioga, nikavaa kitenge kipya, nikapanda gari hadi Bariadi na mgongo wangu umenyooka kama wa bibi harusi.

Tulikuwa watatu. Kaka wa nyumba kubwa, na kaka wa nyumba ya pili, ambaye hakuwahi kutoka Sapiwi, mtu wa ng'ombe na utani, na mimi. Kaka mkubwa alikuwa na sidii aliyoinunua Mwanza, ina programu tatu za kuchora ukoo.

"Tuchague iliyo bora," akasema. "Mambo haya siku hizi ni kuchagua tu. Soko huria."

"Soko huria la mababu," akasema kaka wa nyumba ya pili. "Nitauza wangu mmoja, alikuwa mlevi."

Programu ya kwanza Dada aliiwasha, ikafanya kazi vizuri mpaka tukafika kwa wajukuu, kisha ikagoma. Ilikuwa ya kuonjesha, ukitaka watu zaidi lazima ununue nyingine. Dada akaitoa.

Ya pili ndiyo ile yenye mti. Ilipofunguka hata mimi nilisema "Ee!" Majani, ndege, rangi. Kaka mkubwa akasogeza kiti. Dada akaingiza jina la baba, akaingiza la mama mkubwa, matawi yakatoka yenyewe. Kisha akaingiza mke wa pili. Mashine ikalia kengele na kutoa maandishi ya Kiingereza.

"Inasemaje?" nikauliza.

"Inauliza mke wa kwanza amekufa au ameachwa."

"Iambie yuko hai," akasema kaka wa nyumba ya pili, "na ana hasira."

"Haitaki. Lazima mmoja afe au aachwe ndipo wa pili aingie."

"Sasa hiyo kompyuta ni ya kanisa gani?"

Tulicheka sisi wote, hata kaka mkubwa. Dada alijaribu huku na huku, akasema haiwezekani, programu hii inajua mke mmoja kwa wakati mmoja, na huyo baba yenu alikuwa nao wote kwa pamoja.

Akafungua ya tatu. Hiyo haikuwa na uzuri. Masanduku meusi na mistari, kama ramani ya mabomba ya maji. Lakini ilipokea. Dada aliingiza mke wa kwanza, ikapokea. Wa pili, ikapokea. Akanigeukia.

"Nyumba ya tatu. Mama anaitwa nani?"

Nikamtaja. Sikukohoa. Nikaliona jina la mama yangu linatokea herufi moja baada ya nyingine, ndani ya sanduku lake, na mstari ukatoka kwake ukaenda moja kwa moja hadi kwa baba, sawa na mistari ya wenzake, hakuna uliokuwa mnene zaidi.

"Watoto?"

Nikawataja wanne, watatu marehemu. Dada akasimamisha vidole. "Hawa watatu niwawekee msalaba?"

"Waweke."

Jamani, majina yale hayakuwahi kuandikwa mahali popote. Hayakuwa na cheti, hayakufika shule, kaburi lao hata mimi siwezi tena kulionyesha kwa uhakika. Siku ile yalikuwa yanang'aa kwenye kioo, yamejipanga kwa umri, na mimi nimesimama mwisho wao. Nilihisi nimerudi uwanjani kwetu. Kaka wa nyumba ya pili aliacha utani wake. Alisema kidogo tu, "Huyo wa pili nilikuwa nachunga naye ndama."

Dada akaeleza kwamba itatoka karatasi nyingi, itabidi tugundishe, na haitakuwa na rangi. Kaka mkubwa alivuta mdomo. Lakini alisema, na nanukuu maneno yake kwa sababu walikuwepo mashahidi, "Sawa. Hii ndiyo imemaliza watu wote. Tuchukue hii."

Tulishikana mikono. Nilirudi Mkula nikiwa nimeketi mbele na dereva, na kila aliyeniuliza natoka wapi nilimwambia natoka kuandikisha nyumba yetu.

Ndiyo maana siku ya kaburi nilipiga makofi kabla ya kusoma.

Sasa turudi pale. Nimesimama, mama mkubwa ameniita mwanangu, watu wanasogea kuangalia mti. Kweli, nilikuwa naelekea kuondoka. Angeishia hapo kaka, labda ningeondoka, kwani nilishazoea kutokuwepo kwenye mji ule.

Akaja mama wa nyumba ya pili. Yeye yu hai hadi leo. Mzee sana, hajui herufi hata moja, mgongo umepinda, alikuwa amejifunga kanga mbili zilizonyooshwa pasi kwa ajili ya siku hiyo. Akachechemea hadi kwenye kioo, akautazama mti kwa muda mrefu, akamuuliza kaka mkubwa kwa upole:

"Na mimi niko wapi, baba?"

Kaka akaangalia huku na kule. Wageni wake walikuwa karibu. Akanyoosha kidole, akagusa kioo mahali fulani juu ya shina.

"Upo hapa, mayu," akasema, yaani mama.

"Hapa?"

"Hapo hapo."

Bibi wa watu akaweka kidole chake pale. Akacheka kwa furaha, akashukuru. "Wabeja, mwanangu. Wabeja sana. Mmeniweka pazuri." Akageuka kumwita mjukuu wake aje aone bibi yake alipo.

Nilisogea nikatazama chini ya kidole chake. Hapakuwa na neno. Lilikuwa jani.

Ndipo nikasema kwa sauti.

"Mayu, toa kidole. Hapo hapajaandikwa kitu. Hilo ni jani."

Kaka akaniambia, "Leo ni siku ya baba, usianze."

"Sijaanza mimi. Mwonyeshe jina lake. Mwonyeshe la mama yangu. Wewe ulikuwepo, tulishikana mikono."

"Kompyuta ndiyo ilikataa! Waulize wataalamu. Programu haikubali wake wengi, ningefanya nini?"

"Tulikuwa na iliyokubali."

"Ile mbaya! Ningetundika ile mbele ya wageni? Na baba alibatizwa mwishoni, kanisa linajua ndoa moja."

Mchungaji akatazama viatu vyake. Mama mkubwa akasema kutoka kwenye kiti, "Mnapigania nini? Wote ni watoto wangu, nimewapokea." Na kaka wa nyumba ya pili, ambaye alikuwa bado hajausoma mti, akausoma. Alisoma taratibu akiwa na kofia mkononi. Kisha akamgeukia mama yake mzazi, aliyekuwa amesimama na kidole chake bado kimenyooka hewani, asijue akirudishe wapi.

"Twende, mayu," akamwambia. "Kumbe mimi na wewe hatuna undugu."

Akamshika mkono wakaondoka. Alisema kwa sauti yake ileile ya utani, lakini hakuna aliyecheka. Mimi niliwafuata. Wali wao sikuula.

Wiki iliyofuata nilikwenda Bariadi kwa Dada wa steshenari. Nilitaka kujua jambo moja: nani alifanya, mashine au mtu. Dada hakunificha. Alisema kaka alirudi peke yake siku chache baada ya sisi kuondoka, akasema ile ya mistari haina majani. Dada akamkumbusha kwamba yenye mti haipokei wake wengi. Kaka akamwambia, watoto inapokea? Inapokea. Akamwambia basi awahamishe wote kwa mama mkubwa.

"Nilimwambia, bosi," Dada akaniambia, "nikuachie nafasi hapa pembeni ya shina, hao akina mama wawili niwaandike kwa kalamu, kwa mwandiko mzuri, hakuna atakayejua. Akasema kalamu itaharibu picha."

Kalamu itaharibu picha. Maneno hayo nilitembea nayo hadi stendi.

Lakini sikutoka mikono mitupu. Kazi yetu ya kwanza Dada hakuwa ameifuta. Aliiwasha, masanduku yote yakatokea, nyumba zote tatu na misalaba yake, akanichapia. Karatasi zilikuwa nyingi kweli. Nilizigundisha mwenyewe kwa uji wa ngano, kwenye sakafu ya mashine yangu ya mpunga, wateja wanasubiri na debe zao, wengine wananishikia kona. Tulipozisimamisha ukutani zilizidi ukuta. Zilipita juu ya mlango zikashuka upande wa pili. Mpaka leo anayeingia kwangu anapita chini ya ukoo wetu, na mrefu lazima ainame.

Haina rangi. Haina ndege. Wajukuu zangu wamejifunzia kusoma pale, wanaanza na jina la bibi yao mkubwa. Mama wa nyumba ya pili aliletwa na mwanawe kuja kuiona. Nilimshika mkono nikauweka kidole chake juu ya sanduku lake, akapapasa pembe zake zote. "Hili lina ukuta," akasema. Alikaa chini yake akala michembe ya viazi vitamu na maziwa mpaka jua likageuka, anawaambia wote walioingia kusaga na kukoboa kwamba yule ni yeye. Na mimi nikawa namtazama, nikasema moyoni, mama, tumefika tena.

Hiyo ndiyo fahari yangu na siionei haya. Waliotoka na chungu na jembe leo wana ukuta usiotosha.

Ila mti wa kioo bado unaning'inia Sapiwi. Watoto wa watoto wamezaliwa wanausoma huo. Juzi binti mmoja wa nyumba kubwa, msomi, aliniamkia barabarani vizuri kabisa, akaniambia bibi yake alikuwa mama mwema kwangu. Hana kosa yule. Amesoma kilichoandikwa.

Kwa hiyo naandika haya, kwa mwandiko wangu wa darasa la nne. Kaka yangu wa nyumba kubwa, wakala wa pamba, mwenye soksi, nasema na wewe. Mara ya kwanza mama yangu alitolewa kwenye mji ule na mdomo wa mama yako, na baba akachora chini. Mashahidi wa siku hiyo wengi wamekufa. Mara ya pili alitolewa na kidole chako, na mashahidi wote tuko hai: mimi, kaka wa nyumba ya pili, Dada wa steshenari. Usiniambie tena habari za kompyuta. Ilikuuliza swali la maana, amekufa au ameachwa, na wewe hukuijibu, ulizunguka nyuma yake.

Nijibu mimi. Njoo palepale kaburini, waite watu walewale, mlete na mchungaji, mbebe mama yako na kiti chake. Useme mbele yao jina la mama yangu, na useme ni nani aliyemtoa.